Ukuta wa Jua na Ukuta wa Mvua

Mzee Zefania Shekiondo hakwenda Zidaria kutalii. Alitumwa na wazee wenzake wa usharika, huko milimani Usambara, baada ya ugomvi uliowagawa mpaka kwaya ikawa inaimba nusu nusu. Usharika ulikuwa na picha mbili za wachungaji waliokwisha kufariki. Mmoja alisikilizana na wakubwa wa zamani zake, akapata mabati na saruji ya kanisa. Mwingine aligombana nao, akahamishwa, akafia mbali. Ofisi ya usharika ilikuwa na ukuta mmoja tu mzuri. Juu ya ule mwingine paa lilivuja. Kila ukuta ulikuwa na picha moja. Nani anastahili upi? Mtu mmoja aliyewahi kusikia habari za Zidaria akasema nchi ile imeishi na swali hilo hilo kwa karne nyingi, na ina sheria zake. Mzee Shekiondo alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hadi alipostaafu, na wote walikubali kwamba ni mtu anayejua kusikiliza bila kuongeza chumvi. Akatumwa.

Safari yenyewe haina la kusimulia isipokuwa kwamba ilikuwa ndefu na chai ilikuwa baridi. Alipofika alikuta nchi ya milima, ukungu na kondoo, na watu wanaokula ugali wa mahindi ya njano kwa jibini ya kondoo. Kwa sababu ya ugali huo akaona amefika kwa watu wenye akili timamu, akatulia.

Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni kwamba makanisa ya Zidaria yamechorwa kwa nje. Ndani kuta ni nyeupe kama za zahanati. Nje, kuanzia chini ya paa mpaka usawa wa magoti, wamejaa watu waliopakwa rangi ya samawati na nyekundu: maaskofu, wapweke wa mapangoni, mama watawa, makuhani wa vijijini. Alielezwa kwamba hapo kale wachungaji wa kondoo walikuwa wakikatazwa kuingia ndani kwa sababu ya harufu yao, na viongozi wa dini wakaona ni afadhali kuwachorea mafundisho nje kuliko kuwafundisha kuoga. Siku hizi harufu imekwisha, lakini desturi imebaki.

Alifikia katika nyumba ya watawa iitwayo Putrena. Aliyempokea ni Mtawa Minodora, mpishi wa nyumba ile, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu na ulimi usio na breki.

"Umetoka mbali, Mzee, na umekonda," akamwambia. "Kwenu watakatifu mnawaweka wapi?"

"Sisi ni Walutheri," akajibu Mzee Shekiondo. "Tuna picha mbili tu, na hizo ndizo zinazotuua."

"Mbili! Mna bahati. Njoo uone za kwetu."

Akamzungusha kanisa. Katika ukuta wa kusini, ambako jua hupiga mchana kutwa, rangi zilikuwa bado zina uhai. Alikuwapo mpweke wa pangoni aliyemwambia mfalme aliyeshindwa vita arudi akapigane tena. Mfalme akarudi, akashinda, akamjengea yule mpweke kanisa mlangoni pa pango lake, na mpweke akahama kwa ajili ya kelele za mafundi. Upande wa kaskazini, ambako mvua na upepo wa milimani hupiga, alikuwapo askofu aliyetafsiri sala kwa lugha ya wachungaji wa kondoo. Alishtakiwa kwamba amemfanya Mungu aelewane na watu wa chini bila kupitia ofisini, akatiwa mtoni. Picha yake ilikuwa imebaki kofia na kiwiko.

"Kwa nini huyu wa kutiwa mtoni amewekwa upande wa maji tena?" akauliza Mzee Shekiondo.

"Hiyo ndiyo sheria," akasema Minodora.

Na sheria yenyewe, kama alivyoelezwa, ni hii. Katika Zidaria hakuna kiongozi wa dini anayeachwa nje ya ukuta. Zamani serikali zilijaribu kuwaacha wale zisiowapenda, lakini watu wakawa wanawachora wenyewe usiku kwenye mazizi, na wakiwachora wenyewe huwachora wakubwa mno. Kwa hiyo ikaamriwa kwamba wote wachorwe, wakiisha kufa, kwa kipimo kimoja. Aliyesikilizana na serikali atachorwa kusini, kwenye jua. Aliyegombana nayo atachorwa kaskazini, kwenye mvua. Haadhibiwi mtu, inasema sheria. Ni suala la hali ya hewa tu.

Sheria hiyo ingekaa vizuri kama serikali za Zidaria zingekaa. Lakini zilianguka. Kila iliyoingia ilikuta maadui zake wanaota jua na rafiki zake wanalowa. Kufuta picha ni kufuru, na picha ya ukutani haihamishiki. Basi mfalme mmoja, ambaye anasifiwa mpaka leo kwa akili zake, akaamuru makanisa yote yawekwe juu ya magurudumu ya chuma na reli ya duara. Serikali ikianguka, kanisa linageuzwa nusu duara, kaskazini inakuwa kusini, na haki inatendeka kabla ya jioni.

Mzee Shekiondo akachungulia chini ya msingi. Kweli, magurudumu yalikuwapo, kila moja kubwa kama jiwe la kusagia, yamekaa ndani ya grisi nyeusi.

"Na madhabahu?" akauliza. "Niliambiwa kwenu madhabahu lazima ielekee mashariki."

"Ielekee, ndiyo. Lilisumbua sana jambo hilo," akasema Minodora. "Makuhani walibishana mpaka wakavutana ndevu. Mwisho ikatoka amri kwamba mashariki ni kule madhabahu inakoelekea. Sasa tumetulia, isipokuwa jua halijapata taarifa."

Mzee Shekiondo alimtazama aone kama anacheka. Hakuwa anacheka.

Jambo lililoikabili Putrena wiki ile lilikuwa hili. Serikali nyingine ilikuwa imeanguka, na Baraza la Kuta lilikuwa njiani kuja kuamua kama kanisa ligeuzwe. Shauri lote lilihusu watu wawili. Wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Varnava, aliyeishi zama za mtawala aliyeitwa Jemadari. Jemadari alipowafungia watu midomo, Varnava aliinama, akabariki magwaride, akaacha jina la Jemadari litajwe katika sala kabla ya majina ya wagonjwa. Na makanisa yakabaki wazi. Wa pili alikuwa Baba Sofronie, kuhani wa kijiji cha hapo hapo Putrena, ambaye hakulitaja jina lile. Alifungwa gerezani kwenye migodi ya chumvi, akafia huko. Wote wawili walichorwa Putrena siku moja, kwa mkono mmoja, Varnava juani na Sofronie mvuani. Tangu hapo kanisa lilikuwa limegeuzwa mara kadhaa, kila upande ukipata zamu yake ya mvua. Serikali mpya ilijiita ya mashahidi, yaani ya waliokufa kwa ajili ya kweli, na ilitaka Sofronie awe juani.

Mama Mkuu wa Putrena, Evlampia, alikuwa mdogo wake Sofronie, tumbo moja.

Mzee Shekiondo alimkuta jikoni akichambua maharage, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama ufagio. Akampa pole na hongera kwa pamoja, maana hakujua ipi inafaa.

"Bila shaka unafurahi, Mama," akasema. "Kaka yako ataota jua."

Aliyedakia ni mtu aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, Bwana Todirel, Mhandisi wa Mizunguko, aliyetangulia kuja kukagua magurudumu.

"Mama Mkuu, nikikuambia kitu, ukiulizwa utasema umekisikia kwa nani?"

"Nitasema nimekisikia kwako."

"Basi sikuambii." Akageuka kwenda. Akarudi. "Pembe ya msingi imepasuka. Ufa unaingia mkono mzima. Kanisa likizunguka tena, halitafika nusu. Litalala chini lote."

"Liandike hilo, mwanangu," akasema Evlampia.

"Niliandike vipi, Mama? Mimi ni Mhandisi wa Mizunguko. Nikiandika kwamba kuzungusha kunabomoa, mwaka ujao nitakuwa mhandisi wa nini?"

Minodora akatupa mwiko kwenye beseni. "Mwanamume mzima! Sisi vikongwe tutakwenda wapi jengo likianguka? Tutalala kwako?"

"Mke wangu hatakubali," akasema Todirel kwa unyonge, akavaa kofia yake akaondoka.

Ndipo Minodora akasogeza kigoda, akakaa karibu na mkuu wake. Mzee Shekiondo aliinuka aondoke, lakini Evlampia akamwashiria akae. Hakuwa na siri.

"Mama," akasema Minodora, "nyuso zile zimeliwa. Majina yaliyoandikwa miguuni yalitoka na matone ya paa zamani sana. Kule Barazani wana makaratasi yanayosema Sofronie yuko kaskazini, lakini yaliandikwa baada ya ile amri ya mashariki, na sasa hakuna anayejua kaskazini hiyo ni ipi. Hakuna duniani anayejua yupi ni yupi isipokuwa wewe. Watakuuliza."

"Najua."

"Basi onyesha wa kusini. Sema, 'Huyu ndiye kaka yangu, tayari yuko juani, nendeni salama.' Kanisa linasimama, tunakufa humu humu kwa zamu. Ni dhambi ndogo. Mungu atakununia kidogo, basi."

Evlampia aliendelea kuchambua maharage. Baadaye akasema, si kwa Minodora bali kwa mgeni, "Kaka yangu alifungwa kwa sababu ya jina moja asilotaka kulitamka. Unadhani mimi nitalichukua jina lake nikambandike mtu mwingine?"

"Na Varnava?" akauliza Mzee Shekiondo. "Ulimfahamu?"

"Alikuja hapa mara moja, baada ya Sofronie kuchukuliwa. Alikula ugali hapo ulipokaa wewe, lakini alikula amesimama, na hakuvua glavu. Akaniambia, 'Nimewaachia kanisa wazi, dada.' Alikuwa anangoja nimjibu."

"Ukamjibu nini?"

"Sijamjibu mpaka leo."

Baraza la Kuta likafika asubuhi iliyofuata, chini ya mwavuli mmoja mkubwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Pantelimon, mtu mwenye sauti nzuri, aliyewahi kuhudumu katika mabaraza ya serikali tatu zilizopingana na kusifiwa na zote. Wajumbe walipangwa kwenye mabenchi uani. Mzee Shekiondo akapewa kiti cha wageni.

Wakaanza kwa kulitazama kanisa. Walitazama kusini: mtu mwenye paji pana, mashavu yaliyobaki, macho yameinuliwa juu kidogo. Walitazama kaskazini: kanzu, sikio moja, mkono ulioinuliwa kubariki, na mahali pa uso palikuwa plasta tupu ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Kisha mjadala ukafunguliwa. Mjumbe mmoja akasema shahidi hutambulikana kwa macho. Mwingine akasema hutambulikana kwa kukosa kitambi. Wa tatu akauliza kama picha isiyo na uso inaweza kuhesabiwa kuwa mtu au iandikwe kama ukuta mtupu. Wakabishana hilo kwa muda mrefu na kwa adabu nyingi.

"Aitwe ndugu wa marehemu," akasema Pantelimon mwishowe.

Mama Evlampia akasimama. Watawa wenzake, vikongwe waliojifunika shuka nyeusi, walikuwa wameshikana mikono penye mlango wa jiko. Todirel alikuwa amesimama karibu na ufa, akiufunika kwa koti lake kama mtu aliyejiegemeza tu.

"Mama Mkuu," akasema Pantelimon kwa upole, "utuonyeshe Baba Sofronie."

Mzee Shekiondo alikuwa amesikia mashahidi wengi mahakamani, naye akainuka kwenye kiti chake ili aone vizuri. Evlampia alitazama watawa wake. Alitazama mnara, na msalaba wake uliopinda kwa mizunguko. Kisha akatembea polepole, akaupita ukuta wa kusini bila kusimama, akazunguka pembe, na Baraza likamfuata kwenye matope.

"Huyu hapa," akasema, akaweka kiganja chake juu ya plasta isiyo na uso. "Huyu ndiye kaka yangu. Ule mkono ni wake. Kidole cha pili hakikunjuki. Alikivunja utotoni, tulipokuwa tunachunga kondoo. Mchoraji aliniuliza akinyooshe au akiache. Nikamwambia akiache."

Penye mlango wa jiko, mtawa mmoja akaanza kulia. Minodora alifunika uso kwa aproni.

Pantelimon akasogea, akakitazama kidole. "Mama Mkuu, rangi ikibanduka hata kidole kizuri kinapinda."

"Hicho hakikubanduka. Kilichorwa hivyo."

"Huyu hana uso, Mama."

"Alikuwa nao."

Mwenyekiti akarudi na wajumbe kando, wakanong'ona. Mzee Shekiondo alisikia neno "paji" likirudiwa. Kisha Pantelimon akapanda kwenye ngazi ya jiko na kutoa uamuzi.

Alisema Baraza limeguswa sana na ushahidi wa Mama Mkuu. Hata hivyo, sheria ya Zidaria iko wazi: ndugu wa mtakatifu lazima aitwe, lakini hapaswi kuaminiwa, kwa sababu alimwona akila, akilala na kupigwa na mama yake, na mambo hayo huharibu uwezo wa kutambua utukufu. Wajumbe kwa macho yao wenyewe wameuona uso wa kusini, na kwa kauli moja wameona ndani yake macho ya mtu asiyekubali kuinama. Kwa hiyo Baba Sofronie ndiye yule wa kusini. Yuko juani tayari. Yule asiye na uso ni Varnava, na inafaa kabisa kwamba yuko kwenye mvua. Haki imekwisha kutendeka yenyewe, na kanisa halina haja ya kugeuzwa.

Todirel aliketi chini kwenye matope, koti na vyote, akajifuta jasho siku ya baridi.

Shada la maua likawekwa miguuni pa Askofu Mkuu Varnava. Mheshimiwa Pantelimon akahutubia kwa sauti yake nzuri juu ya migodi ya chumvi na ujasiri, akimtazama machoni mtu aliyebariki magwaride. Watu wa kijiji wakapanga foleni kumbusu miguu. Mtu mmoja akamkaribisha Mzee Shekiondo naye abusu. Akasema kwao hawabusu kuta, na kwa mara ya kwanza katika safari ile akafurahia kuwa Mlutheri.

Baraza lilipoondoka alimfuata Mama Evlampia. Ukarani wake wote ulikuwa umeamka.

"Mama, uamuzi ule ni batili. Ulisema kweli na imeandikwa kinyume. Katika mahakama yetu ungekata rufaa."

"Nikikata rufaa nikashinda, Mzee, itakuwaje?"

Akatafakari. "Kanisa litageuzwa."

"Na litaanguka. Basi acha." Alipangusa unga wa plasta kiganjani. "Waliniuliza, nikawaambia. Nilidhani ninaliangusha kanisa kwa mkono wangu, nami nikawaambia. Wakikataa kusikia, hiyo ni kazi yao, si yangu."

"Na kaka yako kwenye mvua?"

"Kaka yangu mvua anaizoea."

Minodora akatokea na ubao mrefu wa mti na nyundo ndogo. Katika Zidaria hawapigi kengele kuita watu salani. Mmoja hubeba ubao begani na kuugonga akilizunguka kanisa. Kazi hiyo kwa kawaida ilikuwa ya mtawa mwenye mabega mazuri. Jioni ile Mama Evlampia akauchukua mwenyewe.

"Utaanguka, Mama," akasema Minodora. "Halafu waniulize mimi."

"Utawaambia hukuniona."

Akaenda akigonga, pole pole, tok, tok, tok, na Mzee Shekiondo akafuata nyuma kwa heshima. Alipofika ukuta wa kusini, mbele ya lile shada, akasimama. Nyundo ikanyamaza. Kwa muda alimtazama yule mtu mwenye paji pana, kama mtu anayemkuta jirani waliyenuniana kwa muda mrefu.

"Varnava," akasema. "Leo wamekuita kwa jina la kaka yangu. Watakuita hivyo kila siku, wagonjwa, wajane, na watoto wa waliofungwa. Wewe hukuweza kulibeba jina hilo. Sasa huna pa kuliweka chini." Akapumua. "Itika. Wakikuita, uwaitikie vizuri. Na lile ulilolisema jikoni, kwamba umetuachia kanisa wazi: ni kweli. Liko wazi."

Akainua nyundo akaendelea. Alipopinda pembe ya kaskazini manyunyu yalikuwa yameanza. Hakusimama pale, alipitisha tu mkono juu ya kile kidole kilichopinda, kama mtu anayepita karibu na ndugu yake mezani, akaendelea kugonga.

Mzee Shekiondo alirudi kwao na kuwasimulia wazee wa usharika habari zote, kwa utaratibu, bila kuongeza chumvi. Alieleza sheria, amri ya mashariki, Baraza, na alichosema Mama Mkuu mbele ya shada. Alipomaliza wazee wakatikisa vichwa, mpaka akadhani wameelewa. Kisha mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akakohoa.

"Hayo magurudumu, Mzee," akasema. "Ulisema ni ya chuma?"

Mzee Shekiondo aliinuka, akaenda ofisini, akaitoa ile picha iliyokuwa kwenye ukuta unaovuja na kuishusha pia ile ya ukuta mzuri, akazifuta zote mbili kwa leso yake. Kisha akaazima ngazi, akapanda kuangalia paa linapovuja.